Namba Yangu Ndani ya Kifaa Chake

Alinishika mkono mpaka mlangoni. Kiganja chake kilikuwa kikavu, changu kinatoka jasho, na mimi nikawaza, mwenzangu ana moyo mgumu, laiti ningekuwa kama yeye.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa idara, ghorofa ya pili ya jengo la uhandisi wa umeme na kompyuta, tukisubiri kuitwa. Karani alishapita mara mbili na mafaili kifuani, na mara zote mbili hakututazama.

"Umekunywa chai?" akaniuliza.

"Haikupita."

"Basi nisikilize. Nitaongea mimi. Wewe ukiulizwa, jibu kwa ufupi, usijitetee sana. Nimeshapanga maneno yangu."

"Utasema ukweli?"

"Nitasema ukweli, Fundi. Nilikuomba programu yako, ukanipa, nikainakili. Kosa ni langu. Watanikemea, watanikata alama, yaishe."

"Na daftari langu la vipimo?"

"Ninalo kwenye begi. Tukiingia na madaftari tutaonekana tumekuja kushindana. Niamini."

Nikamwamini. Nilikuwa na zoea hilo.

Fundi ni jina nililopewa darasani tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu baba yangu ni fundi umeme wa majumbani na nilifika chuoni nikijua kuunga nyaya kabla sijajua kuandika mlinganyo wake. Yeye tulimwita Mpole. Darasa letu lilikuwa na wavulana sitini na wasichana wanne, na kila saketi iliyochorwa ubaoni ilizua ubishi wa nusu saa. Mpole hakubishana. Alikaa nyuma, akasikiliza, akacheka kwa macho. Siku moja katika maabara nilichoma kidole kwa lehemu, wenzangu wakanicheka, yeye akainuka bila neno, akarudi na kitambaa alicholowesha maji ya baridi. Tangu siku ile nikawa wake. Miaka miwili na nusu nilidhani kunyamaza kwake ni wema.

Kilichotufikisha kwenye benchi lile ni miradi yetu ya mwaka wa mwisho. Kila mwanafunzi hutakiwa kubuni na kuunda kifaa chake peke yake. Mimi niliunda kifaa cha kulinda friji za dawa: umeme ukipanda kupita kiasi au ukishuka, kinaukata chenyewe kabla friji haijaungua. Wazo nililipata mezani kwa mama yake Mpole. Mama yule ni muuguzi mkuu wa hospitali, na mara ya kwanza nilipopelekwa kwao kutambulishwa alilalamika kwamba friji ya chanjo imeungua mara mbili kwa mwaka mmoja. Nikarudi bwenini nikiwa na mchoro kichwani. Nilitaka anipende.

Hakunipenda. Siku hiyohiyo aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani, nikamwambia.

"Ahaa," akasema, huku akikunja kitambaa cha meza. "Wale tunaowapigia simu taa zikizima."

Mpole alikuwa amekaa kando yangu. Alitazama sahani yake.

Mradi wake ulikuwa wa kulinda pampu ya maji, na nao ulihitaji kupima umeme wa ukutani kama wangu. Lakini muhula ulipokaribia kwisha alikuwa hajaandika mstari hata mmoja wa programu. Alikuwa ameahidiwa nafasi ya mafunzo katika kampuni kubwa, akazama kwenye mahojiano na safari. Alinijia maktaba amekonda uso, akasema, "Nipe sehemu yako ya kupima, niione tu ilivyopangwa." Nikampa yote. Wiki tatu baadaye mwalimu wetu akakuta programu mbili zinazofanana mpaka nafasi kati ya mistari, na sote tukaitwa mbele ya kamati.

Karani akafungua mlango. Mpole akauachia mkono wangu.

Ndani walikuwa watu wawili. Mkuu wa idara, mzee wa sauti ya chini, alikaa nyuma ya meza yake. Pembeni alikaa mwalimu wa vipimo, mwanamke mfupi tuliyemwita Mama Mita, kwa sababu haamini chochote mpaka akipime. Mbele yao kulikuwa na vifaa vyetu viwili, changu na cha Mpole, vimefunguliwa vifuniko.

"Kaeni," mkuu akasema. "Sitapoteza muda wenu. Programu ni moja, majina ni mawili. Nani aliandika?"

Nilimgeukia Mpole. Nilimtazama kwa fahari, hilo nalikiri, kama mke anayemtazama mumewe akisimama kuongea mbele ya watu.

"Mimi," Mpole akasema.

Nilidhani ameteleza ulimi.

"Niliandika mimi," akarudia, polepole, macho yake kwenye ukingo wa meza. "Mwenzangu alikuwa amechelewa na kazi yake. Aliniomba aione. Tunaelewana, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kumnyima. Sikujua kama angeitumia hivyo ilivyo."

Kuna maneno yanayoingia sikioni halafu yanakaa mlangoni, hayapiti. Niliyasikia yote. Niliona midomo yake ikiyatamka. Lakini nilibaki nikingoja acheke na kusema kwamba anatania, kwamba sasa ndiyo anaanza.

"Ndivyo ulivyoandika pia kwenye barua yako ya Jumatatu," mkuu akasema, akiinua karatasi.

"Ndiyo, mwalimu."

Jumatatu. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Jumanne tulikula pamoja, akanibana kwa maswali ya kamati kama mtu anayenifanyia mazoezi. Jumatano alichukua daftari langu, akasema anataka kupanga maelezo yake vizuri, akanibusu kwenye paji la uso. Barua ilikuwa imeshafika kwa karani siku zote hizo.

"Na wewe, binti?" mkuu akaniuliza.

"Niliandika mimi."

"Una ushahidi?"

"Daftari langu la vipimo. Nimeandika kila siku niliyofanya kazi."

"Liko wapi?"

Nikamwonyesha Mpole kwa kidole. Sikuweza kutaja jina lake. "Analo yeye. Kwenye begi."

Mkuu akamtazama. Mpole akatikisa kichwa.

"Sina daftari lake, mwalimu. Sijui anazungumzia nini."

Begi lilikuwa miguuni pake. Niliona kona ya daftari imechomoza kwenye zipu, jalada la kijani. Ningeweza kuinama na kulivuta. Sikuinama. Mwili wangu ulikuwa mzito kama umefungwa kwenye kiti, na nilichokuwa nikiwaza si mradi wala shahada. Nilikuwa nawaza kwamba mtu huyu anajua ninavyolala, anajua naogopa mende, anajua mama yangu alifariki mwezi gani na siku gani, na anaweza kukaa hatua moja kutoka kwangu akasema hanijui.

Mama Mita akavuta kiti chake mbele.

"Tuache madaftari," akasema. "Kijana, wewe umesema programu ni yako. Hapa katikati kuna namba. Kila kipimo kikishasomwa kinazidishwa kwa moja nukta sifuri nne. Namba hii umeitoa wapi?"

"Ni ya kurekebisha kipimo, mwalimu. Vipimo havitoki sawasawa, lazima virekebishwe."

"Sawa. Lakini kwa nini sifuri nne? Kwa nini isiwe sifuri mbili, au sifuri saba?"

"Nilipata kwa hesabu."

"Hesabu gani?"

Akanyamaza. Kunyamaza kwake kulekule.

"Transfoma yako ina upungufu," Mama Mita akamsaidia. "Au vipi?"

"Ndiyo," akadaka haraka. "Ina upungufu. Ndiyo maana."

Mama Mita akanigeukia. "Na wewe?"

Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Transfoma yangu niliitoa kwenye redio mbovu ya baba. Ni ya siku nyingi, inatoa umeme mdogo kuliko ilivyoandikwa ubavuni. Kila nikipima nilikuwa napata pungufu. Nilipima siku tatu, asubuhi na jioni, nikaona nikizidisha kwa namba ile ndipo kipimo kinasema kweli. Namba hiyo ni ya transfoma ile peke yake. Nyingine itataka namba yake."

"Kwa hiyo tukiiweka kwenye kifaa chenye transfoma nzima?"

"Kitazidisha. Kitasoma umeme mkubwa kuliko uliopo."

Mama Mita akainuka, akachukua mita yake mfukoni, akapima soketi ya ukutani. "Mia mbili thelathini na moja," akasema, na mkuu akaandika. Akachomeka kifaa changu. Kioo chake kidogo kikawaka, namba zikachezacheza, zikatulia. Mia mbili thelathini na moja. Akakichomoa, akachomeka cha Mpole.

Sote tulikitazama kile kioo.

Mia mbili na arobaini.

Mama Mita akakiacha kiwake muda, kila mtu asome mwenyewe. Kisha akasema, kwa upole ulioniuma hata mimi, "Kijana wangu, hukuwahi kukipima kwa mita hata mara moja. Kingekuwa chako ungejua kinadanganya."

Mkuu wa idara alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hukumu yake haikuwa ndefu. Mpole angerudia mwaka, pamoja na mradi mpya, na kampuni iliyomwahidi nafasi ingeandikiwa. Mimi ningekatwa alama kumi. "Kumpa mtu kazi yako nako ni kosa, binti," akaniambia. "Hata ukimpa kwa mapenzi." Nikaitikia. Hakunionea.

Nilitoka wa kwanza. Nilishuka ngazi za nyuma, zile zinazotokea kwenye chumba cha jenereta, kwa kuwa sikutaka kukutana na mtu wa darasa letu. Nilisikia viatu vyake nyuma yangu kabla hajaniita.

"Fundi. Fundi, subiri."

Nikasimama kwenye ngazi ya katikati. Alikuwa amelishika daftari langu kwa mikono miwili, akaninyooshea kama mtu anayeleta zawadi.

"Chukua."

Nikalichukua.

"Niliogopa," akasema. "Naapa, niliogopa tu."

"Mtu akiogopa hutetemeka, Mpole. Wewe uliandika barua. Ulikaa chini, ukatafuta kalamu, ukaandika, ukaweka saini."

"Mama ndiye alikuwa amesimama nyuma yangu."

"Alikushika mkono?"

Jasho lilikuwa limemtoka sasa.

"Alisema nini, mama? Nataka kujua."

"Alisema nikikosa ile nafasi, nimekwisha. Alisema wewe... alisema wewe una pa kurudia. Utafanya kazi na baba yako. Huna kikubwa cha kupoteza."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Alitazama ukuta. Chini yetu mtu aliliwasha jenereta kwa majaribio, likanguruma, likazimwa.

"Nakuuliza, ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

Hapo ndipo paliponiuma kuliko mule ndani. Mule ndani alisema uongo, na uongo una namna ya kupimwa. Lakini nilimwona akiwa amekaa sebuleni kwao, kichwa chini, mama yake akinipima mimi na baba yangu na kutukuta hatuna uzito, na yeye akitazama sahani.

"Jumatano ulinibusu," nikasema. "Barua imeshafika. Kwa nini ulinibusu?"

"Kwa sababu nakupenda."

Alilisema kwa unyofu kabisa, na ninaamini hakuwa anadanganya. Ndiyo iliyokuwa shida yake: alinipenda, na upendo huo haukumzuia chochote.

Akashuka ngazi moja, akanikaribia. "Sikiliza. Bado kuna njia. Ukimwandikia mkuu kwamba tulifanya pamoja, kwamba sehemu ile tulisaidiana, watapunguza adhabu. Wewe alama zimeshakatwa, haitakuongezea kitu. Halafu..." Alimeza mate. "Mwezi ujao nitakuja kwenu. Nitamwona baba yako, nimwambie rasmi. Nitakuoa, Fundi. Mama apende asipende."

Maneno hayo niliyangoja miaka miwili na nusu. Nilikuwa nimeshayasikia kichwani kwa sauti yake, nimeshachagua hata nguo nitakayovaa siku atakayoyasema. Na sasa ameyatoa ngazini, yamefungwa pamoja na barua anayotaka niandike.

"Ungenioa kama kile kifaa kingesoma sawa?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Kingesoma mia mbili thelathini na moja. Ningefukuzwa mimi. Ungekuja kwetu mwezi ujao?"

Akalitazama daftari mkononi mwangu. Nikashuka.

Mama yake alikuwa chini, karibu na mlango wa nje, amevaa viatu vyake vyeupe vya kazi. Bila shaka alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili hospitalini aje kumpokea mwanawe kwa furaha. Alituona sote wawili, akaona nyuso, akaelewa.

"Umemfanya nini mwanangu?" akaniuliza.

Nilimwamkia. Malezi yangu hayakuniruhusu kumpita. "Shikamoo, mama."

Kwa mazoea tu, midomo yake ikasema, "Marahaba."

"Mwulize mwenyewe, mama. Ila ile friji ya chanjo, kifaa chake kimekamilika. Mwalimu wetu alishasema watatafuta hospitali ya kukijaribia. Nitamwambia waanze na yenu."

Sikusema kwa kejeli. Nilikiunda kwa ajili ya dawa za watoto, na watoto hawakunikosea kitu. Lakini niliona shingo yake ikilegea kidogo, na macho yake yakaniacha, yakaenda kwa mwanawe aliyekuwa bado ngazini.

Baba alikuwa na kazi kwenye nyumba mpya upande wa pili wa mji, nyumba ambayo bado haijapakwa rangi. Nilimkuta juu ya ngazi, kichwa chake kimeingia darini, miguu tu inaonekana. Alinijua kwa mwendo.

"Mama, mbona mapema? Kamati imesemaje?"

"Wamenikata alama kumi. Yeye anarudia mwaka."

Mikono yake ikasimama darini. "Yule kijana wako?"

"Alisema nimemwibia."

Nikamweleza yote, nikiwa nimekaa juu ya boksi la vigae, nikiongea na miguu yake. Labda ndiyo maana niliweza. Nilimweleza barua, daftari, soketi, ngazi, hata ile ahadi ya kuja kwetu. Hakunikatiza. Nilipofika mwisho akauliza jambo moja tu.

"Ulipompa ile programu, alikulazimisha?"

"Hapana. Nilimpa kwa kupenda."

"Basi hilo lisikutie aibu. Aibu ni yake."

Nikadhani nimemaliza, lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikuwa nimekisema hata moyoni mwangu, na sasa kikawa kinapanda kooni chenyewe.

"Baba, mwalimu alipokuwa anachomeka kifaa chake ukutani, niliomba kisome sawa."

"Kisome sawa?"

"Kama changu. Ili isiwe kweli kwamba amedanganya. Nilijua nikiomba hivyo naomba nifukuzwe mimi. Niliomba tu."

Ndipo machozi yakaja. Hayakuja mbele ya mkuu, wala ngazini, wala mbele ya yule mama. Yalikuja pale kwenye vumbi la saruji, yakanishinda, nikalia mpaka mabega yakawa yanaruka.

Baba yangu hana tabia ya kushuka ngazi kabla hajamaliza pointi ya taa aliyoianza. Wenye nyumba wote wanamjua kwa hilo. Nilisikia koleo likiwekwa darini, kisha hatua zake, moja moja, goti lake la kulia likilia kila akikanyaga. Akaja akakaa kando yangu kwenye boksi la vigae, mikono yake myeupe kwa vumbi, akanizungushia mmoja mabegani bila kujali atanichafua.

Simu yangu ikaita. Tuliitazama wote wawili ikitetemeka sakafuni, jina la Mpole kwenye kioo.

"Hupokei?" baba akauliza.

"Sipokei."

Ikaita mpaka ikachoka. Ikaanza tena. Baba hakuinuka kurudi darini.